Geji ikisema nusu, ni nusu ya nini? Jinsi ya kujua mafuta ya pikipiki yako yatakufikisha wapi

Kijiweni kwetu kuna jamaa geji yake ya mafuta ilikufa siku nyingi, mshale umelala kwenye E hata akijaza mpaka mdomoni, na huyo jamaa hajawahi kuishiwa wese njiani hata siku moja. Mimi geji yangu ilikuwa nzima, mshale unapanda unashuka vizuri kabisa, na nimeshasukuma pikipiki mara tatu. Mara ya tatu ndo ilikuwa ndani ya hifadhi ya Mikumi jua linazama, na ndo siku nilipoamua hii kitu niikalie chini niielewe. Kwa hiyo ninayoandika hapa mengine nimepima mwenyewe na mengine nimeonyeshwa na mafundi, we jaribu kwenye ya kwako maana kila pikipiki na tabia zake.

Ilikuwa hivi. Natoka Moro naenda Iringa, nyuma nimefunga kiroba cha viatu vya mtumba, naangalia geji ipo nusu. Nikapiga hesabu kichwani, tenki lita 11, nusu yake tano na nusu, pikipiki inaenda 40 kwa lita, hiyo ni kilomita 220, Mikumi mjini ni kama 120 tu, nitajaza pale, twende. Hesabu imenyooka, ila hakuna namba hata moja humo ndani iliyokuwa ya kweli. Nusu ya mshale haikuwa lita tano na nusu, ilikuwa kama tatu. Arobaini kwa lita ni ya mjini nikitambaa, siyo na kiroba mgongoni na upepo wa mbele na mimi nimeshika tisini. Afu koki, hapa ndo aibu yenyewe, koki ya mafuta ilikuwa kwenye RES, yaani upande wa rizevu, mafuta ya mwisho mwisho, toka wiki ya nyuma, nilijaza mafuta nikasahau kuirudisha. Kwa hiyo haikunionya, ilikata moja kwa moja. Ni kama kilomita 95 toka Moro, wanaoijua ile njia wanajua hapo ni wapi, lami inakata hifadhi kama kilomita 50 na mimi nipo katikati yake, mabango ya faini za kugonga wanyama yapo, na ng'ambo tembo wanavunja matawi zao hawana habari na mimi.

Nitarudi kwenye nilivyotoka. Kwanza geji.

Kwa nini mshale unakudanganya

Ndani ya tenki kuna boya, limeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakishuka boya linashuka, ule mkono unateleza juu ya kipande kinachobana au kuachia umeme, na mshale kule mbele unafuata. Ndugu yake boya la tenki la choo, tofauti hili linaongea kwa umeme. Sasa shika hapo: boya halijui lita, linajua kimo. Lingekuwa ndani ya ndoo iliyonyooka ingekuwa sawa, nusu ya kimo ni nusu ya ndoo. Ila tenki la pikipiki siyo ndoo. Chungulia chini yake siku ukilifungua, katikati kuna bonde maana limekalia bomba la fremu, kama matandiko yalivyokalia mgongo wa punda, mashavu mawili yanashuka kushoto na kulia. Juu pana, chini pamebanwa. Kwa hiyo sentimita moja ya mafuta kule juu ni mafuta mengi, sentimita moja kule chini ni kidogo tu, ndo maana unazunguka siku mbili mshale haujatoka F unasema hii pikipiki haili mafuta kabisa, afu ukishapita nusu unadondoka kama umesukumwa.

Na F yenyewe ina kaujanja kake. Boya linagonga dari ya tenki kabla tenki halijajaa, kwa hiyo ile lita moja au zaidi ya juu kabisa geji haiioni, utaichoma yote mshale umesimama palepale. Wenye zile za viboksi vya dijitali msifurahi, mambo ni yaleyale, viboksi havilingani, cha kwanza kinakaa siku nzima cha mwisho dakika tu.

Ongeza na mlalo. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni mafuta yanahamia kushoto, boya linasoma la upande wake. Ukipanda mlima yanarudi nyuma, ukishuka yanakuja mbele, ukifunga breki yanaruka. Pale mlima Kitonga mshale wangu ulikuwa unapanda na kushuka utadhani kuna mtu anajaza na kunyonya. Ukitaka kusoma geji isome kwenye tambarare, pikipiki imesimama wima, swichi imewashwa, na usubiri kidogo maana mishale mingi imefanywa iwe mizito makusudi isicheze cheze.

Sasa kitu kimoja, na ndo kilichonifanya niache kuitukana geji yangu: inadanganya lakini inadanganya vilevile kila siku. Nusu yake ni lita tatu leo, na kesho lita tatu. Ukishaujua uongo wake unaweza kuishi nayo.

Anza na kujua inakunywa kiasi gani

Njia ni ya fulu kwa fulu, hamna nyingine ya maana. Nenda sheli, simamisha pikipiki stendi ya kati, jaza mpaka chini kidogo ya shingo ya tenki, weka alama kichwani mafuta yamefika wapi. Lipa, sogea pembeni mbali na pampu, piga picha odometa kwa simu. Boda nyingi hazina ile tripu mita ya kurudisha sifuri, kwa hiyo picha ndo tripu mita yako, na picha ina tarehe haibishani na mtu. Tembea kama unavyotembea siku zote, angalau kilomita 150, usijibane uonekane mtakatifu. Rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza mpaka palepale, soma LITA kwenye pampu, siyo hela.

Yangu mara ya kwanza odometa ilitoka 24,310 ikafika 24,468, hizo ni kilomita 158, pampu ikaingiza lita 3.85. Gawa 158 kwa 3.85 unapata 41. Hiyo ni mjini na abiria, jua kali, foleni.

Usiishie hapo. Rudia mara tatu nne, na rudia kwenye hali tofauti. Yangu barabara kuu peke yangu mwendo wa 60 hivi inafika 48. Barabara kuu na mzigo nimeshika 90 inashuka mpaka 33. Pikipiki ileile, fundi yuleyule! Watu wanabishana kijiweni yangu inaenda hamsini, yangu sitini, hawasemi walikuwa wanaendeshaje. Upepo ndo adui mkubwa, ukiongeza spidi mara mbili upepo hauongezeki mara mbili, unakusukuma mara nne, na boda na kiroba nyuma ni ukuta unaotembea. Mishikaki nayo, abiria watatu, achana na trafiki, tenki lenyewe linalia.

Kwenye safari tumia namba yako mbaya. Mimi ya safari ni 33, hata kama najua nitapata 40, hizo zingine ni zawadi.

Kama odometa imekufa, na najua wengi imekufa maana waya wake ukikatika kule kwenye gurudumu la mbele hamna anayehangaika kuununua, tumia GPS ya simu, au nguzo za kilomita kando ya barabara kuu, au njia unayoijua urefu wake. Na kama umebadilisha saizi ya tairi la mbele odometa yako imeanza kusema uongo wake nayo, ilinganishe na simu angalau mara moja.

Ya elfu tano siyo kipimo

Tabia yetu sote ni kusema weka ya elfu tano. Ni sawa kwa mfuko, ila elfu tano siyo lita. Huku kwetu Tanzania EWURA, wale wadhibiti wa mafuta, wanatoa bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ndugu zetu Kenya EPRA wao inaanza tarehe 15. Chukulia lita ni 3,000, elfu tano yako ni lita 1.67, kwa 41 yangu ni kama kilomita 68. Bei ikipanda ikafika 3,300 elfu tano ileile ni lita 1.5 tu, kilomita 62. Zile sita zimepotea na we unasema pikipiki imeanza kula mafuta, unampelekea fundi, fundi naye ana watoto, anafungua kabureta. Agiza lita mbili, lita tatu. Mhudumu atakushangaa siku ya kwanza tu.

Pima rizevu yako kabla haijakupima

Hii ni ya pikipiki za kabureta zenye koki, yaani Boxer, TVS, na ndugu zao wengi tunaoendesha. Ndani ya tenki, juu ya koki, kuna njia mbili, moja ni kabomba karefu kamesimama na nyingine ni tundu chini kabisa. Koki ikiwa ON mafuta yanaingia kupitia kabomba karefu, yakishuka chini ya mdomo wake injini inakohoa. Ukigeuza RES unafungua lile tundu la chini, unapata yaliyobaki. Hamna tenki la pili, hamna akiba iliyofichwa, ni maji yaleyale ya mtungi, kata tu ndo imezamishwa chini zaidi. Kuna watu wazima wanaamini rizevu inajijaza yenyewe.

Kupima: chagua siku huna haraka, njia ya karibu na nyumbani, beba lita mbili kwenye kidumu kizuri. Hakikisha koki ipo ON. Tembea mpaka ikohoe. Hapo usisimame katikati ya barabara kushangaa, jifunze kugeuza koki kwa mkono wa kushoto pikipiki inatembea, macho mbele, zoezi hilo lifanye kwanza ukiwa umesimama mpaka mkono ujue wenyewe. Angalia mshale uko wapi, kumbuka. Nenda moja kwa moja sheli, jaza fulu. Boxer BM 150 tenki ni kama lita 11, kama pampu imeingiza 9.3 basi ulibakiwa na 1.7. Hiyo ndo rizevu yako. Kwa namba mbaya ya 33 ni kilomita 56, kwa ya mjini karibu 70. Toa kumi hapo za uoga, maana tone la mwisho halitoki lote.

Ukimaliza kujaza, kabla hujavaa helmeti, rudisha koki ON. Mimi sa hivi nafunga mfuniko wa tenki mkono mmoja na mwingine upo kwenye koki, nimefanya iwe kitu kimoja. Ukiiacha RES umeitupa ile onyo pekee isiyo na waya wala betri wala boya, na ni bora kuliko geji yoyote.

Wenye injeksheni nyie hamna koki ya namna hiyo, mna taa. Na msijaribu kuchoma mpaka ikate. Pampu yenu ipo ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yenyewe, ikizoea kuzunguka kwenye ukavu inakufa, na bei yake mnaijua. Taa ikiwaka angalieni odometa, jazeni, hesabuni zimebaki lita ngapi kwa kutoa, inatosha.

Chora geji yako mwenyewe

Hii inachukua saa moja na ndo kazi nzuri kuliko zote. Pikipiki ikiwa imefika rizevu, isimamishe tambarare, stendi ya kati, nje penye hewa, hamna sigara wala jiko la mama lishe karibu. Uwe na kipimo cha lita moja cha kweli na petroli yako ya kutosha kwenye galoni. Mimina lita moja, washa swichi bila kuwasha injini, subiri dakika, andika mshale upo wapi. Mimina nyingine, andika. Endelea mpaka ijae.

Yangu, nikishajumlisha na zile za rizevu zilizokuwemo, ilikuja hivi: lita tatu ilikuwa inaonyesha nusu kamili. Lita sita, robo tatu na kidogo. Lita nane, F. Kutoka nane mpaka kumi na moja haikusogea hata unywele. Nilicheka peke yangu pale uani mpaka mke wangu akatoka kuangalia. Miaka miwili nimeendesha hii pikipiki nikiamini F ni F.

Nimeandika kwenye kipande cha karatasi nikabandika kwa selotepu chini ya spidi mita: F ni 8 au zaidi, nusu ni 3, E ni 1 na nusu.

Ukiwa unafanya hilo zoezi chukua na kijiti cha mshikaki, hiki cha mianzi cha kweli, zamisha kila baada ya lita, weka alama kwa kisu. Geji hiyo haina umeme haifi. Ila angalia unazamisha wapi, kijiti kikienda katikati kitagonga lile bonde na utaona kikavu wakati mashavuni bado kuna lita nzima na zaidi. Elekeza shavuni, kila siku shavu lilelile. Na kumulika ndani tumia tochi ya simu au jua. Nasema hivi kwa sababu nimemwona mtu mwenye akili zake kabisa anachungulia tenki kwa kiberiti cha gesi, usiku, na wenzake wamemzunguka.

Geji imekufa kabisa au inachezacheza

Usikimbilie kununua. Mshale ukiwa umelala hausogei kabisa anza na rahisi, fyuzi, betri, na soketi ya waya zinazotoka chini ya tenki, hapo ndo maji ya kuoshea yanaingia na kutu inakaa. Chomoa, safisha, kaza, jaribu. Bado? Fundi mwenye mita ya umeme apime kile kipima mafuta chenyewe, kikiwa kimetolewa nje na kimekauka, anasogeza mkono wa boya taratibu toka chini mpaka juu na namba kwenye mita inatakiwa kupanda au kushuka taratibu nayo. Ikiruka ruka au ikipotea katikati, kile kipande kimelika, badilisha. Namba zikiwa safi basi tatizo ni waya au saa yenyewe kule mbele. Wapo mafundi wanaogusanisha waya mbili kuona kama mshale utaruka, inafanya kazi kwenye geji nyingi za zamani za mshale, kwenye dijitali usimruhusu, unaweza kuunguza dashibodi nzima kwa ajili ya kitu cha bei ndogo.

Mshale uliogandia E wakati umeme wote uko poa, toa boya ulitikise sikioni. Ukisikia mafuta yanacheza ndani limetoboka, limezama kama mtumbwi. Mshale uliogandia katikati, mkono umepinda unagusa ukuta wa tenki. Na hapa kuna kaujanja: fundi anaweza kuupinda ule mkono kidogo makusudi ili E ije mapema, uione E wakati bado una lita mbili. Yangu niliacha, kwa sababu karatasi ipo. Akirudishia mwambie aweke raba ya kuzuia mafuta mpya, ile ya zamani ikishafunguliwa inavuja, na petroli ikidondokea kwenye injini ya moto hamna geji itakayokusaidia.

Imekata na mafuta yapo

Kuna siku utazimikiwa, utafungua mfuniko, utasikia fyuuu, utaangalia ndani mafuta yapo, utapiga kiki, inawaka. Kilomita tano mbele tena. Huyo siyo geji wala kabureta, ni kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimeziba kwa tope au kwa ule mfuko wa nailoni ulioweka chini ya mfuniko ili mafuta yasimwagike. Mafuta hayashuki kama hewa haiingii, jaribu kumimina maji kwenye dumu uliloziba mdomo kwa mkono utaona. Toa nailoni, zibua kitundu kwa waya mwembamba. Wangapi wamebadilishiwa kabureta kwa ajili ya hii.

Ikianza kukohoa kila ukigeuza RES, ni uchafu na maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yote uliyowahi kununua yamekaa chini kabisa, palepale rizevu inaponyonya. Kila miezi michache mwaga ya chini, safisha chujio la koki.

Na usijaze mpaka shingoni ukaegesha juani. Petroli ikipata joto inatanuka, tenki la lita 11 lililojazwa asubuhi ya baridi likipata digrii 20 zaidi linataka nafasi ya karibu glasi moja, isipopata itatoka yenyewe, na umeilipia.

Ikishakata kabisa

Hapa ndo Mikumi. Kwanza koki, nikageuza, nikakuta ndo hivyo ipo RES tayari. Pili, kumbuka yale mashavu mawili: koki nyingi zipo upande wa kushoto, kwa hiyo shavu la kulia lina mafuta hayafiki kwenye koki kwa sababu ya bonde. Laza pikipiki upande wa koki, iegemeze kabisa mpaka mpini ukaribie chini, mara mbili tatu, yale ya kulia yanaruka bonde. Fungua mfuniko kabla? Hapana, yatamwagika. Inyanyue, piga kiki. Yangu iliwaka, nikaenda taratibu gia ya nne eksileta kidogo, ikanipa kama kilomita tatu. Kupuliza tenki kwa mdomo nimewaona wengi wanafanya, inasukuma kidogo, ila unavuta mvuke wa petroli mapafuni, mi siipendi.

Kwenye mteremko koki iliyokaa nyuma ya tenki inakosa mafuta mapema, kwenye kupanda inapata, kwa hiyo ikikata unashuka usikate tamaa, subiri ufike chini tambarare ujaribu tena.

Ilipokata mara ya pili nikasukuma. Fuso moja ikasimama, dereva akaniambia dogo hapa watu hawatembei kwa miguu, pandisha. Tukaipandisha na utingo wake mpaka Mikumi mjini, akachukua elfu kumi, na sikubishana hata senti.

Kubeba akiba: kidumu cha chuma au cha plastiki kigumu cha mafuta, mfuniko wenye raba, kifungwe kisitikisike, kisijae mpaka juu, na kisikae karibu na egzosi. Chupa ya maji ya kunywa siyo kidumu. Petroli ya kando ya barabara kwenye chupa nanunua tu nikiwa sina namna, maana huijui imechanganywa na nini. Na ya bure usiiguse kabisa. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, waliofariki walizidi 100, na boda wenzetu walikuwepo. Kila nikipita pale napunguza mwendo bila kujua.

Kwenye safari ndefu

Toa rizevu kwenye hesabu, ijifanye haipo. Yangu inabaki 9.3, mara 33, karibu kilomita 300. Hapo bado sijazitumia zote, nikifika 150 naanza kutafuta sheli, nikiiona najaza hata kama mshale upo F, maana nimeshaijua F yake. Kabla ya kuingia sehemu tupu kama ile hifadhi najaza mlangoni, bila mjadala. Kagua upepo wa tairi, cheni isiwe imelegea au imekaza sana, breki isiwe inashika gurudumu, choki iwe imerudi, eya klina iwe safi. Hivyo vitu vidogo vinakula mafuta kimyakimya na ile namba yako ya 33 inageuka 28 we hujui. Ikishuka ghafla bila sababu, fulu kwa fulu mbili mfululizo, hapo sasa ndo umpelekee fundi, na unamwambia namba, siyo "inakula mafuta".

Kama pikipiki mnagawana na deiwaka, mpe ikiwa fulu akurudishie ikiwa fulu, piga picha odometa mnapokabidhiana. Usikabidhi kwa mshale, mshale una lita tatu za kubishania pale kati ya F na F. Mimi na kijana wangu tulikuwa tunagombana kila Jumapili, ananiambia bosi nimeirudisha F kama ulivyonipa, na kweli ilikuwa F. Toka nibandike ile karatasi chini ya spidi mita ugomvi wa mafuta uliisha, sa hivi tumebakiwa na wa helmeti tu.